Baraza Aliyoijenga Kaka

Mtaani walimwita Spoki, na walikuwa na sababu mbili. Kwanza, alikuwa fundi baiskeli. Pili, alikuwa mrefu na mwembamba kama spoki ya gurudumu, na hakuwahi kunenepa hata akila chakula cha watu watatu. Mkewe alikuwa mshonaji. Mama yake, bibi wa miaka sabini na ushei, aliishi nao. Wote watatu walifanya kazi mahali pamoja, kwenye baraza mbele ya nyumba.

Asubuhi mkewe alitoa cherehani na kuiweka karibu na mlango. Spoki alitundika baiskeli ya kwanza upande wa barabarani. Mama yake alikaa katikati, kwenye kiti chake cha mbao, akishikiza vifungo kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Alikuwa na kazi nyingine pia. Alihakikisha hapiti mtu bila yeye kujua anatoka wapi na kwa nini amenuna.

"Yule leo kagombana na mkewe," alisema siku moja, akimwonyesha kwa kidevu mpita njia mmoja.

"Mama, umejuaje?" Spoki aliuliza.

"Shati halina pasi, salamu hakuna. Unataka ushahidi gani tena?"

Juu ya vichwa vyao palikuwa na dari ya zege. Aliyeijenga ni kaka yake Spoki, kifungua mimba wa bibi. Kaka alikuwa mwashi. Aliijenga baraza ile siku za mapumziko, kidogo kidogo, ili mama yake apate kivuli. Miaka sita iliyopita aliugua, akafariki. Tangu siku hiyo, baraza haikuwa baraza tu. Bibi alipoinuka jioni kuingia ndani, alipapasa nguzo ya mlangoni kama mtu anayeagana na mwenzake.

Lakini dari ile ilikuwa inaumwa. Michirizi ya rangi ya kahawia ilijitokeza kwanza. Baadaye zikaja nyufa, ndefu na zilizonyooka, kama mtu kazichora kwa rula. Halafu vipande vidogo vikaanza kudondoka. Mke wa Spoki alikuta vumbi la zege kwenye kitambaa cheupe alichokuwa anashona.

"Mume wangu," alisema, "hii dari inatumwagikia."

"Ni lipu tu imechoka," Spoki alijibu. "Nitaipaka nyingine."

Kweli aliipaka. Mwaka uliofuata ufa ulirudi pale pale, tena umeongezeka. Akapaka tena. Mkewe akamwambia anachofanya ni kupaka jipu poda. Spoki alicheka, lakini hakupenda.

Siku moja jirani yao alileta baiskeli yenye breki mbovu. Watu walimwita Mama Daraja. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa katika kikosi cha kutengeneza madaraja. Wanawake walikuwa wawili tu katika kikosi kile, na mwenzake aliacha kazi mapema. Sasa alikuwa amestaafu, analima mboga nyuma ya nyumba yake. Mikono yake ilikuwa bado migumu kama ya mtu anayeshika nyundo kila siku.

"Shikamoo mama," alimsalimia bibi.

"Marahaba mwanangu. Mbona breki zako zinalia kama mbuzi?"

"Ndiyo maana nimemfuata mwanao."

Spoki alipokuwa anahangaika na breki, Mama Daraja alitazama juu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akashika mwavuli wake na kugonga dari kwa mpini wa mti. Karibu na mlango ilitoa sauti kali: ko, ko, ko. Akasogea katikati, juu ya kiti cha bibi. Hapo sauti ikabadilika. Ikawa nzito na tupu, kama mtu anagonga debe.

"Jirani," alisema taratibu, "hapa zege limeachana na nondo. Mngehama chini yake mpaka itengenezwe."

Spoki hakuinua kichwa. "Dari hii kaijenga kaka yangu."

"Najua. Sijasema vinginevyo."

"Kaka alikuwa fundi. Nyumba alizojenga mtaa huu zipo mpaka leo."

Mama Daraja alichukua baiskeli yake, akashukuru, akaondoka. Bibi aliendelea kushikiza kifungo chake, lakini jicho moja lilikuwa juu.

Maneno yale yalimkaa Spoki kama mfupa kooni. Jumapili, mkewe na mama yake walipotoka, alipanda juu ya meza akabandua lipu iliyopasuka. Kipande kikubwa kikamfuata mkononi. Ndani aliona nondo, fimbo ya chuma inayoshikilia zege. Ilikuwa nyekundu, na kutu yake ilitoka magamba magamba kama gome la mti.

Spoki hakuogopa kutu. Kutu alikuwa adui aliyemzoea. Kwenye baiskeli, kutu ukiifuta kidogo na kuipaka grisi, inatulia. Basi akachukua kopo la grisi, akaipaka nondo mpaka ikang'aa. Juu yake akapiga lipu mpya, akailainisha vizuri kwa mwiko. Mkewe aliporudi, dari ilikuwa nyeupe, imenyooka kama karatasi.

"Umeona?" Spoki alisema. "Kazi imekwisha."

Mkewe alisogeza cherehani yake hatua mbili ndani zaidi.

Mvua zilianza. Zilinyesha wiki tatu mfululizo. Mchana mmoja bibi alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida. Mtu akapita bila kusalimia, na bibi hakuweza kumwona vizuri kwa sababu ya baiskeli zilizotundikwa. Akainuka, akasogea ukingoni, akanyoosha shingo.

Nyuma yake kukawa na kishindo.

Spoki alidondosha spana. Mkewe alipiga kelele. Vumbi lilipotulia, waliona kiti cha bibi kimelala chini, mguu umevunjika, na juu yake kipande cha zege kikubwa kuliko sinia. Lipu mpya ilikuwa bado imeganda juu yake, nyeupe, laini. Upande wa pili ulikuwa unateleza kwa grisi.

Bibi alikuwa amesimama ukingoni, hana hata mkwaruzo. Alitazama kiti, akatazama dari, akamtazama mwanawe.

"Huyu aliyepita bila kusalimia," alisema, "mkimwona, mwambieni namshukuru."

Hakuna aliyecheka. Spoki alimshika mama yake mkono akamwingiza ndani. Alipotoka, alikaa kwenye kizingiti. Mkewe akaja kukaa karibu naye.

"Nilipaka grisi," Spoki alisema.

"Nimeiona."

"Ningemuua mama yangu kwa grisi."

Mkewe hakumlaumu. Alimfuta vumbi begani, kisha akasema, "Nenda kwa Mama Daraja. Nenda sasa hivi, mvua au si mvua."

Mama Daraja alimkuta mlangoni pake amelowa chapachapa. Alichukua mwavuli na nyundo ndogo, wakaongozana. Walipofika, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga kamba kuzunguka baraza ili mtu asipite chini. Kisha aliokota kipande cha zege akakigeuza.

"Ee jirani," alisema. "Grisi?"

"Kwenye baiskeli inafanya kazi."

"Kwenye baiskeli, ndiyo. Grisi inazuia maji. Lakini zege linatakiwa kuishika nondo, liing'ang'anie. Wewe unaweza kushika samaki mbichi kwa mikono yenye sabuni? Hata ungepaka rangi ya mafuta, ni vivyo hivyo. Tena hiyo grisi uliipaka juu ya kutu. Uliifunika tu, hukuiondoa."

"Lakini kutu yenyewe ni kitu kidogo. Inawezaje kuvunja zege?"

"Wewe fundi baiskeli, hebu niambie. Ringi ikishika kutu chini ya rangi, inakuwaje?"

Spoki alifikiri. "Inavimba. Rangi inainuka, inabanduka."

"Haya. Chuma kikigeuka kutu kinanenepa. Kinataka nafasi. Ndani ya zege hakuna nafasi, basi kinasukuma. Kinasukuma mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndizo hizo nyufa zilizonyooka. Zinafuata njia ya nondo."

Mke wa Spoki alikuwa anasikiliza mlangoni. "Mbona nyumba nyingine zina nondo na hazivunjiki?"

"Swali zuri, mama. Ulishawahi kuchanganya saruji kwa mikono mitupu?"

"Mara moja. Vidole viliniwaka siku mbili."

"Ule ukali, kwa ngozi yako ni adui. Kwa chuma ni rafiki. Chuma kikizungukwa na saruji nzuri, kinajifunika ngozi nyembamba ambayo macho hayaioni. Ngozi ile ikiwepo, kutu haianzi. Lakini zege likiwa jembamba, maji na hewa vinapenya, na baada ya miaka ukali unaisha. Na chumvi je? Chumvi haingoji miaka. Inaitoboa ile ngozi." Alikwaruza kipande cha zege kwa ukucha. Punje ndogo ikang'aa. Ilikuwa kipande cha gamba la kome wa baharini. "Mchanga huu ulitoka wapi?"

Spoki alijua ulikotoka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Yeye na kaka yake waliamka alfajiri kwenda ufukweni, wakajaza magunia, wakayafunga kwenye baiskeli. Kaka alisukuma moja, yeye akasukuma nyingine. Walikwenda mara arobaini au zaidi. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote alizozikumbuka. Kaka alikuwa akiimba, na walipofika mlimani alimwambia, "Sukuma mdogo wangu, mama anangoja kivuli."

"Niliubeba mimi," Spoki alisema. "Mimi na kaka. Ufukweni." Akafunika uso. "Unataka niseme kaka yangu hakujua kazi? Sitasema."

Mama Daraja aliweka nyundo chini. "Sitaki useme hivyo. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipaka mpako wa kukinga chuma juu ya kutu, futi kumi nzima. Nilidhani nafanya la maana. Msimamizi alinibandulisha yote. Mtu hutenda kwa alichokijua. Kaka yako hakuambiwa."

Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba. Kumbe bibi alikuwa anasikia kila neno, maana masikio yake yalikuwa na afya kuliko miguu.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyemzaa, na nilimkosoa kila siku ya maisha yake. Alikuwa anakunja shuka vibaya, na uji wake ulikuwa na mabonge. Nikampenda hivyo hivyo. Wewe unamlinda dhidi ya nani?"

Spoki aliondoa mikono usoni.

"Alinijengea kivuli," bibi aliendelea. "Angekuwa hai leo, angekuwa wa kwanza kupanda na nyundo. Sasa yeye hayupo. Panda wewe."

Kesho yake kazi ilianza. Mama Daraja hakumruhusu mtu kugusa dari kabla ya kuweka nguzo. Walisimamisha miti minene chini ya zege, na juu yake mbao za kubebea uzito. Kisha alimwita mhandisi mmoja aliyewahi kufanya naye kazi. Mhandisi alikuja na miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, akapima, akagonga, akaandika.

"Inaokoka," alisema mwishowe. "Lakini nguzo hizi zisiguswe mpaka niseme mimi."

Mama Daraja alimpa Spoki chaki na nyundo ndogo. "Gonga dari yote. Panapolia debe, chora."

Spoki aligonga mpaka shingo ikamkakamaa. Alipomaliza, dari ilikuwa na maduara matatu makubwa na moja dogo. Ndipo wakavaa miwani ya kukinga macho, glavu, na vitambaa puani, wakaanza kuvunja kwa tindo. Spoki aliacha alipoifikia nondo.

"Bado," Mama Daraja alisema. "Endelea mpaka kidole chako kipite nyuma yake."

"Nyuma? Kutu iko mbele."

"Nani kakuambia kutu inaogopa mgongo? Nyuma ndiko inakojificha. Usipofika huko, utakuwa umemnawisha mtoto uso, shingo umeiacha."

Nondo zilipokuwa wazi pande zote, walizisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Hiyo ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Siku nzima ilikwisha, na ya pili. Spoki alisema zimetosha. Mama Daraja alipitisha kidole, kikatoka chekundu. Hazikutosha. Walisugua mpaka chuma kikarudi kuwa chuma, cha kijivu kinachong'aa. Halafu wakasafisha kwa maji ya bomba na brashi, mara nyingi, ili kuondoa chumvi.

Nondo mbili, zilizokuwa juu ya kiti cha bibi, zilikuwa zimeliwa. Mahali pengine hazikuzidi unene wa kalamu.

"Hizi mpako hautazisaidia," Mama Daraja alisema. "Mpako ni nguo. Nguo hairudishii mtu nyama." Mhandisi aliagiza nondo mpya ziwekwe sambamba na zile zilizokonda, akaonyesha zianzie wapi na ziishie wapi. Wakafanya kama alivyosema.

Ndipo ikafika zamu ya mpako wenyewe. Mama Daraja alileta mfuko wa unga wa kijivu na chupa ya maji meupe kama maziwa. Viliuzwa pamoja, maalumu kwa kupaka nondo.

"Si saruji hii hii ya kawaida?" Spoki aliuliza. "Mimi nina nusu mfuko ndani. Nikoroge na maji tu, nipake."

"Msingi wake ni saruji, ndiyo, na ule ukali upo. Lakini uji wa saruji na maji peke yake ukikauka juu ya chuma unapasuka, unapukutika. Haya maziwa yanaufanya ushike na yanaziba njia ya maji na chumvi. Na tofauti na grisi, zege jipya litaushika mpako huu."

Mke wa Spoki aliuchukua mfuko akaugeuza. Mwaka uliopita alikuwa amehudhuria darasa la kusoma la watu wazima, na tangu hapo hakuacha maandishi yapite bila kuyasoma, hata ya kwenye sabuni.

"Vaa glavu," alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Koroga dakika tatu. Tumia ndani ya saa moja. Mchanganyiko ukianza kukaza, usiongeze maji."

"Maelekezo hayo ni ya wasiojua kazi," Spoki alisema, akachukua brashi.

Mpako ulikwenda vizuri. Alizungusha brashi mbele, nyuma na ubavuni, mpaka kila nondo ikawa ya kijivu. Lakini alipofika duara la tatu, mteja mmoja akaita, wakaanza kuzungumza habari za mnyororo. Aliporudi, ndoo ilikuwa nzito kama ugali. Akatazama huku na huku. Akamimina kikombe cha maji.

"Usiongeze maji!" Mkewe alikuwa ameshika mfuko juu kama kadi nyekundu ya refa. "Imeandikwa hapa!"

Mama Daraja alichukua ndoo, akaenda akaimwaga kwenye shimo la taka, akarudi akaanza kukoroga mpya, kidogo kidogo. Bibi, aliyekuwa anaangalia dirishani, alicheka mpaka akakohoa.

"Basi, nimekoma," Spoki alisema. "Mke wangu, soma. Mimi nafuata."

Tangu hapo mkewe ndiye aliyekuwa msimamizi. Alisoma muda wa kungoja kabla ya kupaka mara ya pili, na hakumruhusu mtu kupanda kabla ya saa kufika. Mpako wa pili ulifunika vitundu vidogo vilivyobaki katika wa kwanza. Kisha wakalowesha zege la zamani na kujaza mashimo kwa mchanganyiko mpya, wa mchanga wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa. Walijaza tabaka kwa tabaka, wakishindilia nyuma ya nondo pasibaki uwazi. Juu ya kila nondo waliacha zege nene, kwa kipimo cha mhandisi, kuzidi lile la zamani lililokuwa jembamba kama kidole cha mtoto.

"Hapo ndipo watu wengi hukimbilia kupumzika," Mama Daraja alisema. "Zege jipya linahitaji maji kama mgonjwa anayepata nafuu." Walilifunika kwa nailoni na kulinyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni, siku saba. Bibi alijipa kazi ya kukumbusha. Alikuwa akigonga dirisha kwa pete yake: "Saa saba! Dari ina kiu!"

Walipanda na juu ya paa la baraza pia. Huko walikuta maji ya mvua yanatuama kwa kukosa njia. Waliziba nyufa, wakatengeneza mteremko mdogo na mfereji, maji yakaenda zake.

Mhandisi alirudi baada ya wiki nne. Aligonga kila mahali, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaruhusu nguzo ziondolewe. Waliziondoa moja moja, wote wakiwa wamebana pumzi. Dari ikakaa.

"Sasa nisikilizeni," Mama Daraja alisema. "Sitaki kuwadanganya. Tulipotengeneza ni pazima. Lakini chumvi bado imo katika zege la zamani, na kutu ikikosa mlango huu, itajaribu wa jirani. Kila baada ya mvua, mgonge pembeni ya viraka. Mkiona mchirizi wa kahawia, msingoje zege lipasuke."

"Tutagonga," Spoki alisema. "Nami nikinunua nondo siku nyingine, sitaziacha nje zinyeshewe."

Bibi alirudi barazani siku ile ile. Spoki alikuwa ameunda kiti kipya. Bibi alikikalia, akajiegemeza, akalalamika kwamba ni kigumu. Kisha akalala hapo hapo, kifungo mkononi, mvua ikinyesha nje.

Msimu mzima wa mvua ulipita. Dari ilibaki kavu, nyeupe, bila mchirizi hata mmoja. Mkewe alirudisha cherehani yake mahali pa zamani. Watu walipouliza jinsi walivyofanya, yeye ndiye aliyeeleza, na mfuko mtupu wa mpako aliutunza kwenye droo ya nyuzi ili awasomee.

Asubuhi moja Spoki alimkuta mama yake amekaa kimya, hatazami wapita njia.

"Mama, unaumwa?"

"Nahesabu," bibi alisema. "Kaka yako alijenga ile nyumba ya mwoka mikate. Akajenga ya nesi mwenye mapacha. Akajenga baraza ya kinyozi. Na ile yenye geti la bluu, na ya wajukuu wa fundi viatu. Tano. Miaka ile ile, mwanangu."

Spoki alielewa. Mchanga ule ule.

Alikuwa na baiskeli mbili za kutengeneza siku ile. Alizifunika kwa turubai. Alichukua chaki na nyundo ndogo, akapita kwa Mama Daraja. Mama Daraja alinawa udongo wa bustani mikononi, akavaa viatu, wakaenda pamoja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwoka mikate. Spoki alisimama mlangoni akatazama juu. Barazani palikuwa na mchirizi wa kahawia, mwembamba kama uzi, bado haujapasua kitu. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, ya kujitetea na ya kumtetea kaka. Mlango ulipofunguliwa, yote yalimtoka.

"Habari za asubuhi," alisema. "Mimi ni mdogo wake yule mwashi aliyewajengea. Alijenga kwa moyo wote, ila mchanga tuliotumia ulikuwa na chumvi. Naomba nigonge dari yenu."

Mwoka mikate alimtazama, unga bado uko kwenye nyusi zake. Akatazama juu, akauona ule mchirizi kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Kaka yako alikuwa mtu mwema," alisema. "Subirini hapo, nilete ngazi."